Karatasi Nyeupe Kando ya Ua

Sauti ninayoikumbuka vizuri kuliko zote ni ya kijiti kikigonga mdomo wa kopo. Ko, ko, ko. Baba akimaliza kukoroga rangi alikuwa anakiinua kijiti, anakiacha kichuruzike, halafu anakigonga mara tatu ili tone la mwisho lirudi ndani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala juu ya nyavu zilizokunjwa pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa kando ya ziwa, na nikisikia ko ya tatu nilijua nikifumbua macho nitakuta mtumbwi uliokuwa mbao tupu umeanza kuvaa nguo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kupaka mitumbwi rangi na kuiandika majina. Alitoka Kagera akiwa kijana, akaja Mwanza kutafuta maisha, ziwa likamshika. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo nimekulia kwenye makopo. Shule nilifika kidato cha nne nikaishia hapo, na matokeo sitaki kuyasimulia. Lakini rangi nilifundishwa na mtu anayezijua. Baba hakuwahi kusema "nyekundu" akanyamaza. Ilikuwa nyekundu ya nyanya, nyekundu ya tofali, nyekundu ya soda, nyekundu ya damu ya leo, nyekundu ya damu ya jana.

Mwaka alioumwa nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafanya kazi kwenye studio moja ndogo Igoma. Tunapiga picha za pasipoti, tunachapa kadi za arusi, tunatoa kopi. Na nilikuwa na ndoto yangu. Nilitaka kutengeneza kalenda ya maua ya Mwanza, yale yanayochanua mvua za kwanza zikishanyesha, ua moja kwa kila mwezi, kumi na mawili. Watu wanadhani Mwanza ni mawe na samaki basi. Nilikuwa nimeshachagua hadi msumari wa jikoni kwetu Kiseke ambapo nakala ya kwanza itaning'inia, na kila siku nikipita pale naugusa.

Alianza kuugua mwishoni mwa kiangazi, vumbi likiwa limetanda mtaa mzima. Kwanza aliacha chakula. Halafu mkanda ukawa unamvuka, halafu tumbo likajaa huku mikono ikikauka. Tulipomfikisha hospitali walimlaza siku hiyohiyo. Vipimo vilipotoka, daktari alituita mimi na shangazi, dada yake baba, kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili, yeye akabaki amesimama. Alisema ni saratani ya ini, na imeshasambaa. Alisema watampa dawa za maumivu.

"Na za kupona?" shangazi akauliza.

Daktari aliangalia faili. Akalifunga. Akatuambia pole.

Nje kwenye korido shangazi alikaza kitenge chake kiunoni, kama mtu anayetaka kuinua gunia.

"Hatumwambii," akasema.

"Shangazi, si atajua?"

"Atajulia wapi? Mtu hamalizwi na ugonjwa, anamalizwa na kuambiwa. Babu yako alikaa miaka mitatu hajui. Alipojua, alikaa siku nne. Wewe una uso wa kucheka, Mungu kakupa bure. Ingia humo ucheke."

Nikaingia nikacheka. Siandiki haya kumlaumu shangazi. Kwetu ndivyo ilivyo: daktari anawaambia ndugu, ndugu wanamwambia mgonjwa kwamba utapona tu, na mgonjwa anaitikia amina. Nilikuwa nimeona hivyo kwa majirani, nimeona hivyo kwa mama pia, na sikuwahi kudhani kuna njia nyingine.

Ila baba alikuwa na jambo moja alilolisema tangu wiki ya kwanza, akiwa ameangalia dari.

"Kama ni kupona, nitasubiri hapahapa, hata mwaka. Kama si kupona, nipelekeni nyumbani mapema. Nataka nipite Busisi nimekaa. Sitaki nipite nimelala."

Nyumbani ni Kagera, kwenye migomba ya babu, alikozikwa bibi. Barabara ya kwenda huko inapita Busisi, juu ya daraja jipya. Baba alikuwa amevuka pale kwa kivuko mara zisizo na idadi, na daraja lenyewe alilitazama likijengwa, nguzo baada ya nguzo, lakini juu yake alikuwa bado hajapita.

"Utapita umekaa, kaka," shangazi alikuwa anamjibu. "Utapita unatafuna senene."

Nami natikisa kichwa kukubali.

Kitanda chake kilikuwa mbali na dirisha. Ukuta aliouelekea ulipakwa kijani nusu ya chini na krimu nusu ya juu, na kile kijani kilimkera kuliko sindano. "Aliyechagua hii rangi hajawahi kuugua," alisema. Mvua ya kwanza ilipiga bati usiku kucha, na asubuhi nilipomletea uji akauliza, kabla hata sijamaliza shikamoo, "Huko nje kumechanua nini?"

Nikamwambia lile ua la mvua limetoka. Ni ua jekundu, la mviringo kama mpira, limejaa nyuzi nyembamba. Mvua ikinyesha mara moja tu linachomoza kwenye ardhi tupu kati ya mawe, bila jani hata moja, na baada ya wiki moja hulioni tena hadi mwakani. Nyuma ya nyumba yetu yalitoka sita.

Kesho yake nilikata moja, nikalitia kwenye chupa ya maji niliyoikata shingo, nikaenda nalo. Shangazi alinikuta kwenye ngazi.

"Unalipeleka wapi hilo?"

"Kwa baba."

"Maua yanaenda arusini na kaburini. Humo ndani kuna arusi ya nani?"

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukuwa na utani. Alinipokonya chupa akaiweka nyuma ya pipa la takataka, taratibu, ua likiwa limesimama vilevile.

"Akiona ua kitandani kwake ataelewaje? Na wale wagonjwa wengine wataelewaje? Kampigie picha. Si ndiyo kazi yako?"

Basi nikaanza. Nilirudi nyumbani saa saba mchana, jua likiwa utosini, nikapiga matano yaliyobaki kwa simu yangu, jioni nikampelekea. Baba aliisogeza simu puani.

"Hili ni ua au ni taa ya nyuma ya lori?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akacheka hadi mguu wake ukatikisika. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyeangushwa na mkokoteni wa ng'ombe, mguu umefungwa uzito na kuning'inizwa juu, na alikuwa na wiki tano hana pa kwenda isipokuwa kwenye mazungumzo ya wengine.

"Wenzako wanauliza uji umefika," akasema, "wewe unauliza rangi ya maua. Wahaya bwana."

"Nyie Wasukuma mnajua rangi gani?" baba akamjibu. "Ya ng'ombe, na ya ng'ombe wa pili."

"Na inatosha. Ukija kwangu nitakuonyesha ng'ombe ambao hiyo rangi yao hujawahi kuitia kwenye kopo."

Ilikuwa kweli, picha yangu ilikuwa mbovu. Nyuzi zote za ua zilikuwa zimeungana zikawa bonge moja jekundu linalowaka. Baba akaniambia nyekundu inaungua juani kama samaki wa kubanikwa, niamke kabla jua halijapanda mawe, au nisubiri wingu, au nilitandie ua kivuli kwa kanga. Kesho yake nilifanya yote matatu. Niligusa kioo cha simu pale ua lilipoonekana, nikashusha mwanga kidogo kidogo, na nyuzi zikaanza kuonekana moja moja, kila moja na kichwa chake cha njano. Nilipiga magoti kwenye matope nikicheka peke yangu.

Baada ya hapo ikaja zambarau, nayo ilinitesa zaidi. Mjakaranda ulio karibu na kanisa ulikuwa umechanua, chini pote pamemwagika maua, lakini kwenye simu yalitoka bluu. Baba alikataa kabisa.

"Bluu ni ya sare za shule. Jakaranda ina nyekundu imejificha ndani. Simu yako inakisia tu. Umeipa kitu kimoja ikitazame, ikakisia vibaya."

"Sasa niifanyeje, baba?"

"Ipe kitu unachokijua. Mimi nachanganya rangi juu ya karatasi nyeupe. Nikichanganya juu ya ubao, ubao unanidanganya. Weka karatasi kando ya ua, piga vyote pamoja. Ukija kuirekebisha, usiangalie ua. Angalia karatasi. Karatasi ikiwa nyeupe, ua limesema kweli."

Nilichukua karatasi moja studioni nikaenda nayo kwenye mjakaranda. Kwenye simu kuna mstari mdogo wa kurekebishia picha: ukiuvuta kulia picha inakuwa ya njano, ukiuvuta kushoto inakuwa ya bluu. Niliangalia karatasi tu, nikavuta taratibu hadi ikawa nyeupe kama ilivyo mezani kwetu. Nilipohamisha macho, jakaranda ilikuwa palepale, yenyewe. Siwezi kueleza furaha ya siku ile. Nilimwonyesha hadi nesi.

Tukaingia kwenye mazoea. Asubuhi naamkia kwenye maua, naenda Igoma kazini, jioni nafika wodini. Nilimpelekea maua ya bogenvilia ya ukuta wa jirani, nikampelekea mti wa mkrismasi ulipoanza kuwaka maua yake mekundu, nikampelekea kiua kidogo cheupe cha majani ya njiani ambacho hakina hata jina. Yeye alikuwa ananikosoa na mimi narudia. Wakati huohuo miguu yake ilivimba hadi viatu vikarudi nyumbani. Ngozi ilianza kumwasha, akawa anajikuna usiku na mchana, mashuka yakawa na madoa ya damu. Mkojo kwenye chupa ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana. Naye, mtu wa rangi, aliitazama ile chupa nesi alipokuwa anaiondoa, halafu akaniuliza wingu la asubuhi lilikuwaje.

Katikati ya Novemba nilishuka ziwani, kwenye ule mwalo wa baba. Upepo ulikuwa umesukuma magugu maji hadi ukingoni, yamefunga njia, na wavuvi walikuwa wanayakata kwa mapanga huku wakiyatukana. Wana haki, yale magugu ni adui. Lakini maua yake yananiumiza kwa uzuri: zambarau nyepesi, na kwenye jani la juu la kila ua kuna jicho la njano lililozungukwa na bluu. Niliingia majini hadi magotini, karatasi nimeibana kwenye kijiti, nikangoja wingu.

Jioni baba aliishika ile picha muda mrefu.

"Zambarau umeipata," akasema.

Nilisubiri "lakini" yake. Haikuja.

"Na jicho la njano umelipata. Mpe mzee mwenzangu aone."

Nikampa yule mzee wa Kisukuma simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Ehee," akasema, bila ubaya wowote moyoni, "njano kweli. Kama macho yako, Mhaya."

Wagonjwa wengine waliendelea kula. Shangazi alikuwa anafunga kifuniko cha chupa ya uji. Kilishafunga na bado alikuwa anakizungusha. Mzee akanitazama mimi, akamtazama shangazi, akaelewa alichofanya.

"Ni mwanga wa humu ndani," akasema. "Unatuchafua wote."

"Mwanga wa humu una kijani," baba akasema polepole. "Kijani hakileti njano." Akanigeukia. "Nina njano?"

"Hapana, baba. Ni ukuta tu."

Wodini hapakuwa na kioo. Bafuni kulikuwa na skrubu nne ukutani, pale kilipokuwa zamani. Kesho yake ilikuwa Jumapili, nilifika mapema kabla ya shangazi, nikamkuta amefunga vifungo vya shati hadi juu.

"Nitoe nje," akasema. "Nataka picha. Nipige kama unavyoyapiga maua. Karatasi unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Ningeweza kusema nimeisahau, na sijui kwa nini sikusema. Nesi alinisaidia kumweka kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma hadi barazani. Mahali alichagua mwenyewe: si karibu na ukuta, si chini ya mti, kwa sababu majani nayo yanamwaga kijani. Mawingu yalikuwa yamefunika anga lote, mwanga mtulivu, ule tulioungoja kila asubuhi. Akaishika karatasi chini ya kidevu kwa mikono miwili, akaniangalia.

Nikapiga.

Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Haikuhitaji chochote. Karatasi ilikuwa nyeupe, na macho ya baba yalikuwa njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji, na njano hiyo ilikuwa imeshuka mashavuni hadi shingoni, ikaishia kwenye kola ya shati.

"Tayari?" akauliza.

"Bado, baba. Narekebisha kidogo."

Niligeuka nikampa mgongo. Nikauvuta mstari kushoto. Njano ikaanza kutoka machoni mwake kama vumbi linavyotoka kwenye kioo cha dirisha. Nikavuta tena, macho yakawa meupe, meupe ya mtu mzima mwenye afya anayengoja chakula. Nikabonyeza kuhifadhi. Simu yangu ile ukihifadhi inafuta ya mwanzo, na nilijua, na nilibonyeza. Nilikuwa naangalia macho yake tu. Kitu kingine chochote kwenye ile picha sikukiangalia.

Nikamgeukia ninacheka, nikampa simu.

Alitazama. Kunguru walikuwa wanagombana juu ya paa, na aliendelea kutazama.

"Macho meupe," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia." Akanirudishia simu. "Turudi ndani, kuna baridi."

Hapakuwa na baridi.

Kuanzia siku ile hakuitaja Busisi tena. Nilimwambia shangazi kwa kujivuna, nikamweleza na jinsi nilivyofanya, na yeye akanishika kichwa kwa mikono yote miwili kama tunavyoshikwa tukiwa watoto. "Umemtuliza," akasema. "Tazama, hata maswali yameisha." Kweli yalikuwa yameisha. Nilimpelekea maua mengine, na kila moja alisema zuri. Siku moja nilipitiwa na usingizi nikaupiga mkrismasi saa sita mchana, ukaungua wote. Akasema zuri. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nilifurahi badala yake, nikahesabu kwamba ua la kumi la kalenda limepatikana.

Siku ya kumi, ilikuwa Jumanne, hakuweza tena kukaa bila watu wawili kumshika. Shangazi alikuwa ameenda kutafuta dawa, mzee wa jirani alikuwa anakoroma. Baba aliniita mama, kama alivyoniita siku zote, maana nimepewa jina la mama yake.

"Mama. Ile picha."

"Ipi, baba?"

"Ya barazani. Karatasi yake ilikuwa ya bluu."

Sikuhitaji kuitazama tena ile picha. Nilijua papo hapo kwamba ilikuwa hivyo, kwa sababu haiwezekani kuitoa njano kwenye macho ya mtu ukaiacha karatasi nyeupe.

"Uliiona siku ileile?"

"Nimekula kwa rangi tangu hujazaliwa."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unacheka." Alipumzika kidogo. "Nikasema, ngoja. Huyu ni mwanangu, atakuja mwenyewe kuniambia. Nikangoja. Kila ukija na ua nasema, leo ndiyo leo."

Nikamwambia. Nilimwambia ini, nikamwambia daktari aliyesimama, nikamwambia korido. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, tulijua tangu lini. Nikamjibu, tangu wiki ya kwanza.

"Basi ningekuwa nimeshafika," akasema.

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika. Kisha akasema, "Mwambie dada yangu atafute gari."

Shangazi alilia kwenye korido ameegemea ukuta, alilia kama mtu anayetapika, halafu akajifuta kwa ncha ya kitenge akaenda kutafuta gari. Daktari hakutuzuia. Gari la mapema zaidi lililopatikana lilikuwa la Jumamosi. Tulipanga kila kitu mbele ya baba sasa, kwa sauti ya kawaida, na wodi nzima ikichangia. Mzee wa Kisukuma ndiye aliyeshauri tumfunge kwenye kiti kwa vitenge viwili, kimoja kifuani na kimoja kiunoni, akae wima hadi ng'ambo ya daraja, akishavuka alazwe.

"Mtanifunga kama mkungu wa ndizi," baba akasema, na akacheka, na kicheko kikamuumiza tumbo.

Alifariki Alhamisi asubuhi, muda wa uji. Nilikuwa nimempa mgongo, nasuuza kikombe. Mzee wa jirani alimuuliza kitu, akarudia kumuuliza. Halafu nikamsikia ananyamaza, na nilipogeuka alikuwa amevua kofia yake, ameishika juu ya ule mguu ulioning'inia.

Gari lilikuja Jumamosi kama lilivyoagizwa, na dereva yuleyule. Aling'oa viti vya nyuma ili jeneza lienee. Busisi tulipita saa tatu asubuhi, ziwa limetulia pande zote mbili, na shangazi aliangalia mbele tangu daraja lilipoanza hadi lilipoisha. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya jeneza. Kutoka pale chini maji hayaonekani, unaona vyuma na anga.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa, shangazi alitaka picha kubwa ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Alichukua simu yangu, akapita kwenye maua yote hadi akafika kwenye ile ya barazani.

"Hii," akasema. "Tazama macho yake yalivyotulia. Hii ndiyo watu wamkumbuke nayo."

Nikasema sawa, shangazi.

Nilifika Igoma mchana. Bosi alinipa pole, akaniwashia mashine, akaniambia nisiwe na haraka, yeye akaenda msikitini kuswali Ijumaa. Aliteremsha mlango wa bati nusu ili wateja wasinisumbue. Nikahamisha picha kwenye kompyuta. Pale kwenye kioo kikubwa hapakuwa na cha kuficha. Karatasi ilikuwa bluu kama sare ya shule, shati lilikuwa bluu, na mikono iliyoishika karatasi ilikuwa ya kijivu, kama sangara aliyekaa nje ya maji tangu jana. Katikati ya vyote hivyo, macho meupe. Mtu yeyote aliyewahi kushika brashi angeona.

Niliichapa vilevile, kubwa, kama shangazi alivyotaka. Nikaikata kingo, nikaitia kwenye fremu, nikafuta kioo, nikaiegemeza ukutani.

Kisha nikarudi kukaa. Nikaifungua tena. Nikauweka mkono wangu wa kushoto kwenye kioo cha kompyuta, nikaufunika uso wa baba kwa kiganja, ikabaki karatasi peke yake. Kwa mkono wa kulia nikaanza kuuvuta mstari kurudi kulia, kidogo, na kidogo tena. Niliendelea hadi karatasi ikawa nyeupe. Halafu nikaondoa kiganja.